Gemu imeganda ikitenga nafasi? Usilaumu wifi, angalia diski

MIAKA michache iliyopita, kijana wa Kibera au Kawangware aliyetaka gemu kubwa kwenye kompyuta alikuwa na adui mmoja: bando. Sasa mambo yamebadilika. Nyaya na antena za wifi zimetapakaa juu ya mabati kuanzia Olympic na Makina hadi Gatina na Stage 2. Kuna kampuni kama poa! Internet, iliyoanzia Kibera kabla ya kuingia Kawangware, inayouza intaneti bila kukuhesabia GB. Unaacha gemu ikishuka usiku, wewe unalala.

Lakini kuna mahali gemu inakwama hata kabla GB ya kwanza haijashuka. Unabonyeza kusakinisha kwenye Steam, kisanduku kinatokea na maneno "Allocating disk space", yaani kompyuta inatenga nafasi kwenye diski. Ule mstari wa kijani au wa buluu unasogea kidogo, halafu kimya. Dakika 10. Nusu saa. Saa nzima. Hapo ndipo lawama huanza. Huyu anamtusi mwenye wifi, yule anazima ruta na kuiwasha mara nne, mwingine anashauriwa na msee wa ploti aongeze RAM.

Wote wanapiga mlango usio wao. Hatua hii haitumii intaneti hata kidogo, na RAM ina kazi ndogo sana hapo. Hii ni kazi ya diski. Na mtaani kwetu, diski ikianza kukokota, si gemu tu iliyo hatarini. Ni ile laptopu moja ya nyumba nzima: ndiyo imebeba CV yako, noti za chuo za dada yako, picha za mazishi ya babu na zile kazi za mtandaoni zinazolipa kodi. Kwa hivyo tulia, tuichambue pole pole kabla hujatoa hata shilingi.

Kutenga nafasi ni kufanya nini?

Fikiria mama anayeuza mitumba Toi Market. Kabla robota halijafunguliwa, lazima awe na mahali pa kumwaga nguo. Meza ikiwa tupu, anatandika turubali mara moja na kazi imeisha. Meza ikiwa imejaa nguo za jana hapa na viatu pale, itabidi atafute upenyo mmoja mmoja: shati hapa, suruali pale, na mara kwa mara anasimama kukumbuka alichoweka wapi.

Kompyuta hufanya vivyo hivyo. Gemu ikihitaji GB 70, mashine inashika GB 70 mapema, ili isije ikafika asilimia 90 na kugundua hakuna nafasi. Pia inajaribu kuziweka sehemu za gemu karibu karibu ili baadaye isomeke haraka. Kuna wakati kushika nafasi ni kuandika tu kwenye orodha kwamba eneo hili lina mwenyewe. Kuna wakati mwingine ambapo kompyuta hulazimika kuandika sufuri eneo zima kwanza. Hiyo ya pili ndiyo inayokula muda.

Na gemu zenyewe zimenenepa. GTA San Andreas ya 2005, ambayo nusu ya mtaa imeicheza, ilitosha kwenye chini ya GB 5. GTA V ilipofika kwenye kompyuta Aprili 2015 ilitaka GB 65, na waliyoinunua dukani walipewa DVD 7. Red Dead Redemption 2 ya 2019 inataka GB 150. EA Sports FC 24, hiyo ya mpira, inataka GB 100.

Sasa chukua hesabu ya kawaida. Gemu ya GB 70 ikiandikwa kwenye diski ya kuzunguka inayoenda MB 80 kwa sekunde, ni kama dakika 15. Kwenye diski ya nje iliyochomekwa tundu la zamani la USB 2.0, linalopitisha kama MB 30 kwa sekunde, ni karibu dakika 40. Kwenye SSD ya kawaida ya SATA inayoandika MB 400, ni dakika 3. Na kwenye diski mgonjwa inayojikokota kwa MB 10, ni karibu saa 2. Gemu ni ile ile, wifi ni ile ile. Kilichobadilika ni diski tu.

Kwa nini laptopu zetu hasa?

Laptopu nyingi tunazonunua huku ni ex-UK: HP EliteBook, Lenovo ThinkPad, Dell Latitude. Ni mashine ngumu, zilitengenezewa maofisi ya ng'ambo, na nyingi za zile za zamani zina diski ya kuzunguka. Ndani yake kuna sahani zinazozunguka, mara nyingi mizunguko 5,400 kwa dakika, na mkono mwembamba unaokimbia huku na huku kusoma na kuandika. Mzunguko mmoja ni kama milisekunde 11. Inaonekana kidogo, lakini mkono ukilazimika kuruka mara elfu nyingi kutafuta vipande vya nafasi, milisekunde hizo zinageuka kuwa nusu saa.

Ongeza kwamba diski hiyo ilishafanya kazi miaka kadhaa Uingereza kabla haijapanda meli, kisha ikabebwa kwenye begi ndani ya 46 iliyojaa na barabara yenye matuta. SSD haina kitu kinachozunguka, kwa hivyo haijali matuta na haitafuti kitu kwa mkono.

Soma diski yako kwanza, ni bure

Huhitaji digrii kwa hili. Mimi mwenyewe chuo niliachia njiani, na namba hizi zinasomeka vizuri tu.

Acha gemu ikiendelea kuganda. Bonyeza Ctrl, Shift na Esc kwa pamoja. Task Manager itafunguka. Nenda Performance, kisha Disk. Kwenye Windows za karibuni itakuandikia kabisa kama ni HDD, ile ya kuzunguka, au ni SSD. Sasa tazama vitu viwili: asilimia ya shughuli, na kasi ya kuandika. Majibu ni matatu.

La kwanza: diski iko 100% na inaandika MB 60, 80 au 100 kwa sekunde. Hapo hakuna shida. Diski inapiga kazi kwa nguvu zake zote. Gawanya ukubwa wa gemu kwa kasi hiyo, ujue ni dakika ngapi, kisha uende ukanywe chai. Kosa kubwa la watu ni kuzima hapa na kuanza upya. Kila ukizima, unarudi mwanzo.

La pili: diski iko 100% lakini inaandika MB 2 au 5 tu. Hapo kuna kitu kinaisumbua, au diski imejaa, au inaumwa.

La tatu: diski iko karibu 0%. Haifanyi kazi yoyote. Hapo diski haina hatia. Steam imezubaa, au kuna programu imeizuia kuandika.

Ukishajua uko kwenye jibu gani, nusu ya kazi umeimaliza. Na ona kwamba hujalipa mtu.

Ikiwa ni 100% na mwendo wa kobe

Ukiwa hapo hapo kwenye Task Manager, nenda Processes na ubofye neno Disk juu ili programu zijipange kuanzia ile inayokula diski zaidi. Mara nyingi utakuta Windows Update inajishughulisha, antivairasi inakagua mashine nzima, au OneDrive inapandisha picha. Windows Update isimamishe kwa muda kwenye mipangilio, OneDrive ifunge, ukaguzi wa antivairasi uuache umalize. Kisha urudi kwa gemu.

Pili, angalia nafasi iliyobaki. Watu huona gemu ni GB 65, diski ina GB 68, wanasema fiti. Si fiti. Windows yenyewe inahitaji pumzi, na gemu inapofunguliwa au kusasishwa huhitaji nafasi ya ziada. Ndiyo maana apdeti ya GB 2 inaweza kudai makumi ya GB: inatengeneza nakala mpya ya faili kubwa kabla ya kufuta ile ya zamani. Jaribu kuacha angalau asilimia 15 ya diski ikiwa wazi. Anza na folda ya Downloads, kapu la takataka, na zile sinema ulizokopi 2021 ukasema utazitazama wikendi.

Tatu, kama ni diski ya kuzunguka, ipange upya. Andika "defrag" kwenye kisanduku cha kutafuta, chagua diski, bofya Optimize. Inaweza kuchukua saa kadhaa, kwa hivyo ifanye usiku ikiwa tokeni zinatosha. Hapa ndipo meza ya mama wa Toi inapangwa, nguo upande mmoja na viatu upande mwingine. Kama ni SSD, usitafute programu za kuipanga. Haisaidii, inaichosha tu, na Windows inaitunza yenyewe.

Nne, laptopu ikiwa kwenye betri na hali ya kubana chaji, mashine inajipunguza kasi. Ichomeke.

Ikiwa ni 0% na kimya

Anza na rahisi: simamisha upakuaji, iendeleze tena. Ikigoma, funga Steam kabisa, si kubonyeza ile X tu, kisha uifungue kwa kubofya kulia na kuchagua Run as administrator. Hii ina maana yake. Windows hairuhusu kila programu kushika eneo kubwa la diski kwa njia ya mkato, na ruhusa hiyo huwa ya msimamizi wa mashine.

Bado? Ndani ya Steam nenda Settings, kisha Downloads, ufute cache. Itakutaka uingie upya, kwa hivyo hakikisha unakumbuka nywila. Kisha nenda Storage, bofya vitone vitatu, uchague kurekebisha folda ya gemu. Hizi mbili huondoa mabaki ya majaribio yaliyokufa katikati.

Mwisho, angalia antivairasi. Kwenye Windows Security kuna kinga inayozuia programu kuandika kwenye folda fulani. Kama gemu unaisakinisha ndani ya Documents au Desktop, inaweza kugonga ukuta huo bila kukuambia. Sakinisha kwenye folda yake tofauti. Pia unaweza kuiambia antivairasi isikague folda ya Steam, mradi gemu zako umezitoa Steam yenyewe.

Diski ya nje, flashi na uongo wa 2TB

Laptopu ikijaa, wengi tunakimbilia diski ya nje. Sawa, lakini angalia tundu. Lenye plastiki ya buluu ndani mara nyingi ni USB 3.0. Leusi au jeupe mara nyingi ni 2.0, na tayari umeona hesabu yake.

Kisha bofya kulia diski hiyo, chagua Properties, usome neno lililo mbele ya File system. Ukikuta FAT32, hapo ndipo gemu yako inapofia. FAT32 haiwezi kushika faili moja inayofika GB 4, na gemu za leo zimejaa faili za namna hiyo. Unataka NTFS. Hamisha vitu vyako kwingine kwanza, kisha ufomati.

Halafu kuna ile flashi ya 2TB uliyoona ikiuzwa bei ya sahani mbili za nyama choma. Ndani yake huwa kuna chipu ndogo, pengine ya GB 32, iliyofundishwa kudanganya kompyuta. Faili ndogo zitaingia bila shida. Ukijaribu kutenga GB 70, itaganda, au itajifanya imemaliza na gemu haitafunguka kamwe. Kuna programu ya bure ya Kijerumani iitwayo H2testw inayoijaza flashi na kuisoma tena ili kujua ukubwa wake halisi. Ijaribu siku ile ile uliyonunua, risiti ikiwa bado mfukoni.

Zile za "kukopiwa"

Tusijifanye hatujui. Gemu nyingi mtaani huzunguka kwa kukopiana, na nyingi ni zile zilizobanwa sana, GB 65 ikawa GB 35. Hizo zikikwama sababu ni nyingine kidogo. Kufungua mzigo uliobanwa hivyo ni kazi ya prosesa na RAM, kisha diski, na kwenye laptopu ya zamani inaweza kuchukua saa kadhaa hata kila kitu kikiwa sawa. Hapo ndipo yule msee wa RAM anaweza kuwa na hoja.

Lakini ukiambiwa uzime antivairasi ndipo isakinishwe, jiulize unamfungulia nani mlango. M-Pesa, barua pepe na akaunti yako ya kazi viko kwenye mashine hiyo hiyo. Na kisheria, kazi hizo zinalindwa na Sheria ya Hakimiliki ya 2001. Gemu halali za bure zipo tele, na Steam hushusha bei mara kadhaa kwa mwaka.

Diski ikiwa inaumwa kweli

Umefunga programu zote, nafasi ipo, umepanga upya, lakini bado ni 100% na MB 3. Hapo sasa chukulia kwa uzito. Dalili nyingine ni hizi: sauti ya tik tik ndani, folda kuchukua dakika kufunguka, mashine kuganda kabisa na kurudi.

Pakua CrystalDiskInfo, ni bure. Ikifunguka itakuonyesha hali ya diski kwa rangi. Buluu ni nzuri. Njano ni onyo. Nyekundu ni mbaya. Tazama pia mistari inayotaja sekta zilizohamishwa na zinazosubiri. Hizo ni sehemu za sahani zilizoharibika. Zikiwa zinaongezeka wiki hadi wiki, diski inakuaga.

Hapa mpangilio ni muhimu kuliko kitu kingine chochote. Kwanza okoa faili zako: CV, vyeti ulivyoskani, noti, picha, kazi za wateja. Zipeleke kwenye flashi ya kweli au Google Drive. Baada ya hapo tu ndipo utumie chkdsk au programu nyingine ya kurekebisha. Watu huanza na chkdsk kwa sababu ndiyo ushauri wa kwanza wanaoupata, lakini ukaguzi wa diski nzima ni kazi nzito, na diski iliyochoka inaweza kukata roho katikati. Gemu utaipakua tena. Picha za babu hazina seva.

Stima nayo ina mkono wake hapa. Ikipotea ghafla kwenye kompyuta ya mezani wakati diski inaandika, faili zinaweza kuharibika, na stima ya kusambaziwa inayopanda na kushuka ni mbaya zaidi. Laptopu yenye betri nzima ina kinga hiyo tayari. Kwa hivyo kama betri yako haishiki chaji hata dakika 5, hilo nalo liweke kwenye bajeti.

Ukiamua kutoa pesa, zitoe mahali pamoja

Kama diski yako ni ya kuzunguka na una pesa ya kufanya jambo moja tu, nunua SSD ya SATA ya inchi 2.5. Kwa mashine inayokwama kwa sababu ya diski, itasaidia kuliko RAM. Kabla ya kununua, linganisha bei kwa maduka kadhaa pale Luthuli Avenue, uliza waranti, na uhakikishe ni mpya.

Usitupe ile ya zamani kama bado ni nzima. Laptopu yako ikiwa na sehemu ya DVD, unaweza kuitoa DVD na kuweka fremu ndogo iitwayo caddy, ndani yake ukaweka diski ya zamani. Pima unene kwanza, kuna za milimita 9.5 na za 12.7. Windows na gemu unayocheza sana zikae kwenye SSD, sinema na kumbukumbu zikae kwenye ile ya zamani.

Na ukimpelekea fundi, usimwambie tu "mashine iko slow". Ukisema hivyo umempa hundi isiyoandikwa kiasi. Mwambie: diski ni HDD, inakaa 100% ikiandika MB 3, nafasi ipo, CrystalDiskInfo imeonyesha njano, na faili zangu nimeshaziokoa. Fundi mzuri atafurahi kwa sababu umempunguzia kazi. Yule mwingine atajua huyu hauziwi RAM.